Taruma la Gari: Swali ni Nani Amelipima

Mpita njia akiteremka kwenye kituo cha matatu za nambari 46 kule Kawangware, au akipita Kibera kwa upande wa Makina, hakosi kuliona gari lililoinuliwa juu ya magogo, pua yake i wazi, injini imetolewa, nyaya zaning'inia kama matumbo ya samaki aliyepasuliwa. Pembeni ameketi mwenye gari. Fundi yuko chini, yaonekana miguu tu. Na mazungumzo yao, hata ukiyasikiliza kwa dakika kumi, ni ya injini: ni ya mwaka gani, imetembea kilomita ngapi huko Japani, yanywa mafuta kiasi gani, na je, gari litapanda mlima kama lilivyokuwa likipanda zamani.

Ni nadra kusikia mtu akiuliza: injini hiyo itakalia nini?

Swali hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Najua wako watakaosema kwamba ukurasa huu ni wa mambo ya utamaduni, na kwamba injini na vyuma mahali pake ni kwingine. Sikubaliani nao. Ufundi wa mkono ni utamaduni kama ulivyo ushairi, na namna watu wanavyolinda au wanavyopuuza kitu kisichoonekana yasema mengi juu yao kuliko nguo za sikukuu. Isitoshe, jambo lenyewe lina roho za watu ndani yake.

INJINI YAPITIA KWETU

Kwanza tuelewane kwa nini watu wabadilisha injini. Gari jipya ni ghali, na gari kuukuu kutoka ng'ambo nalo si rahisi, maana sheria ya Kenya yakataza kuingiza gari lililopita miaka 8, na juu ya bei ya gari kuna ushuru. Basi mtu mwenye gari ambalo bodi yake bado nzima lakini injini imechoka hufanya hesabu: anunue injini nyingine iliyotumika, aitie, aendelee na kazi. Mwingine hutoa injini ya petroli akatia ya dizeli kwa ajili ya kupunguza gharama ya mafuta. Na vijana wengine, tusiwasahau, hubadilisha kwa mapenzi ya mwendo tu.

Injini hizo hazioti Nairobi. Nyingi hutoka Japani zikashushwa Kilindini, na nyingine hupitia Sharjah, ambako jamaa zetu wengi wa pwani wamefanya biashara ya vipuri. Kutoka bandarini hupanda bara hadi Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee bado waiita kwa jina lake la zamani, Grogan. Hapo ndipo mafundi wa Kibera na Kawangware huzifuata. Kwa hivyo msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi asidhani kwamba haya ni mambo ya watu wa bara. Chuma kimepita mlangoni kwetu kabla ya kufika kwao, na gari likishatengenezwa hurudi kwetu limebeba shangazi zetu waendao arusini.

Sasa, injini ya gari dogo la siku hizi hailali juu ya chesisi ndefu kama ile ya lori. Magari madogo mengi hayana chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mwili na mifupa. Lakini mbele, chini ya injini, huwa pana fremu ya chuma iliyofungwa kwenye bodi kwa bolti nene. Mafundi huiita krosmemba. Aghalabu ni bati nene lililokandamizwa kwa mashine, vipande viwili vikaunganishwa na ndani pakabaki uwazi.

Fremu hiyo ina kazi nyingi kwa wakati mmoja. Mauntini za injini, yaani vile vipande vya mpira na chuma vinavyozuia mtikisiko, baadhi yake hukaa hapo. Mikono ya chini ya magurudumu ya mbele hushikwa hapo. Raki ya usukani, katika magari mengi, imefungwa hapo hapo. Ukipiga breki kwa ghafula, nguvu kubwa ya kusimama hupita kwenye mikono ile ikaingia katika fremu. Ukikata kona, hali ni hiyo hiyo. Basi fremu hiyo ikikaa upande kwa upana wa kidole kimoja, magurudumu nayo yamekaa upande, na dereva ataupigania usukani kila siku asijue adui yake ni nani.

NENO LETU WENYEWE

Sisi watu wa pwani tunalo neno taruma. Katika chombo, mataruma ni ile miti iliyopinda itokayo kwenye mkuku ikapanda ubavuni, nayo ndiyo inayoshikilia mbao za ganda. Mtazamaji wa nje huona ganda, rangi na tanga. Haoni taruma. Lakini fundi wa Matondoni akienda kutafuta mti wa taruma, huutafuta ule uliopinda wenyewe tangu mwituni, kwa sababu mti uliopindishwa kwa kukatwa huwa umekatwa nyuzi zake, na bahari itaujua udhaifu huo kabla ya mwenye chombo.

Reli ikaja. Ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Vile vipande vinavyolala chini ya reli navyo vikaitwa mataruma. Neno likatoka baharini likapanda nchi kavu, na maana yake ikabaki ile ile: kitu kilichofichika chini, kibebacho uzito wa kile kinachoonekana. Na reli hiyo ya kwenda Kisumu yakata katikati ya Kibera, hatua chache tu kutoka wanakofanyia kazi mafundi ninaowazungumzia. Sioni basi kwa nini krosmemba isiitwe taruma la gari. Fundi akipenda krosmemba, na abaki nalo. Lililo kubwa ni kwamba tukilisikia neno taruma, akili yetu huenda moja kwa moja kwenye usalama wa safari.

Tena kubadilisha injini si jambo geni kwetu. Majahazi na mashua mengi yaliyokuwa ya tanga yametiwa injini, na fundi wa chombo aliyejua kazi hakuikalisha mashine juu ya mbao za ganda. Alilaza maboriti marefu juu ya mataruma kadhaa ili uzito na mtikisiko ugawanyike, kisha ndipo akaifunga. Asiyefanya hivyo, chombo chake kilianza kuvuja pale pale chini ya mashine. Hilo ndilo somo lote la krosmemba, na babu zetu walilisoma bila ya kuliona gari.

NJIA TATU

Mtu aliyekwisha nunua injini isiyokuwa ya asili ya gari lake ana njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni kubaki na fremu ile ile ya zamani, ikakatwa hapa na kuongezwa pale mpaka injini mpya iingie. Njia hii ndiyo ya watu wengi, maana ndiyo rahisi. Ikiwa injini ni ya ukoo mmoja na ile ya kwanza, na kinachohitajiwa ni kubadilisha mahali pa mauntini moja tu, hakuna ubaya. Ubaya waanza pale inapokatwa fremu yenyewe ili kupisha chungu cha mafuta au bomba la moshi, kisha pakachomelewa kipande cha chuma kinene kilichookotwa. Chuma kinene kikichomelewa juu ya bati jembamba, ufa huanza ukingoni mwa mchomeleo. Na kwa kuwa fremu ina uwazi ndani, kutu hula kutoka ndani kuja nje, na rangi nyeusi iliyopakwa jana huficha yote hayo. Tena injini ya dizeli huwa nzito kuliko ya petroli iliyo kiasi chake, hivyo fremu iliyopunguzwa nguvu huongezewa mzigo.

Njia ya pili ni kununua nozikati, yaani pua nzima ya gari iliyokatwa na kuletwa na injini yake, giaboksi yake, nyaya zake na krosmemba yake. Faida ni dhahiri: kiwanda kilichotengeneza injini ndicho kilichoipimia kitanda chake. Lakini kuna masharti mawili. La kwanza, matundu ya bolti ya krosmemba hiyo yakutane na ya bodi yako, na hili huwezekana kwa magari yaliyo ndugu, kama Toyota Corolla na Sprinter za kizazi kimoja. La pili, ujiulize pua ile ilikatwa kwa nini. Huenda gari lilichakaa tu, na huenda liligongwa. Tena Japani si nchi moja kwa hali ya hewa. Kaskazini kuna theluji, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa chumvi hufanya nini kwa chuma.

Njia ya tatu ni krosmemba mpya iliyotengenezwa na mtu mwingine asiyekuwa kiwanda cha gari. Huko Marekani ziko kampuni ndogo ndogo zinazoishi kwa kazi hiyo. Mfano mashuhuri ni wa Honda Civic za miaka ya 1990. Vijana walipotaka kuzitia injini mpya za Honda za ukoo wa K, zilizoanza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta kwamba injini hizo zazunguka kinyume na zile za zamani, na upande wa kutolea moshi uliokuwa ukitazama mbele sasa watazama nyuma. Mauntini hazikutani, na bomba la moshi lataka kupita pale pale ilipo fremu. Ndipo zikatengenezwa fremu nyingine za kupisha vitu hivyo, baadhi yake za mabomba ya chuma, nyepesi na za kupendeza macho.

Mtu wa Nairobi akiiona picha ya fremu ya namna hiyo huitamani. Simlaumu. Lakini aulize ilitengenezewa barabara gani. Nyingi katika hizo ni za magari ya mashindano, yaendayo juu ya lami laini na kukaguliwa kila baada ya mbio. Wepesi wake umepatikana kwa kupunguza chuma. Bushi zake mara nyingi ni ngumu, na mtikisiko wote huingia ndani ya gari. Nyingine hukaa chini kuliko fremu ya asili, na mwenye gari atakutana na matuta ya Kawangware kabla hajafika Lavington. Kitu kuwa kizuri mahali pake ni jambo moja, na kukufaa wewe ni jambo jingine.

Katika njia hii hii ya tatu kuna mlango mwingine ambao watu huudharau, nao ni mlango wa fundi wa hapa hapa. Wako wachomeleaji wa Kibera na Kawangware waundao krosmemba kuanzia chuma kitupu. Na hapa nataka niseme wazi nisije nikaeleweka vibaya: kati ya krosmemba ya fundi huyu na ile ya ng'ambo, siwezi kukuambia iliyo bora kwa kuangalia ilikotoka. Huulizwa jambo moja: imepimwa, au imekisiwa?

KUPIMA NA KUKISIA

Fundi anayepima hufanya kazi hivi. Hulichukua taruma la asili lililo nzima, akalifunga juu ya meza ya chuma iliyonyooshwa kwa pimamaji, kisha akachomelea vishikio mahali pa kila tundu la bolti: ya bodi, ya mikono ya magurudumu, ya raki ya usukani. Hicho ndicho kalibu chake. Halafu huliondoa la zamani, akaliunda jipya ndani ya kalibu hilo, likiwa limefungwa lisijongee. Hushika kwa nukta nukta kwanza, kisha huchomelea kidogo kulia, kidogo kushoto, kwa sababu chuma kikipoa hujivuta, na ukichomelea upande mmoja mpaka mwisho hujikunja kama jani. Halitoi mpaka limepoa. Mauntini huziweka mwisho, injini ikiwa imening'inizwa mahali pake, baada ya kuhakikisha kwamba mihimili ya kuzungushia magurudumu imekaa sawa.

Fundi anayekisia huiweka injini kwa jicho, akachomelea chini ya gari akiwa amelala chali, cheche zikimwangukia usoni, na bolti akafunga yoyote iliyoingia tunduni. Wote wawili waitwa mafundi. Wote wawili wana mashine ya kuchomelea. Na kwa mbali, baada ya kupaka rangi, kazi zao zafanana.

Sisi tutungao mashairi twalijua jambo hili kwa njia nyingine. Ubeti uliozidi silabi moja huchechemea, hata maneno yake yawe matamu namna gani, na mwenye sikio hulisikia hilo mara moja. Gari nalo huchechemea. Tairi huliwa upande wa ndani kabla ya wakati wake. Usukani huvuta upande mmoja katika barabara iliyonyooka. Ukipiga breki husikia mshindo chini ya miguu. Tofauti ni kwamba ubeti mbovu haumuui mtu.

Mwenye gari naye asiseme hana ujuzi wa kukagua. Anyooshe usukani, achukue futi ya utepe, apime kutoka kati ya gurudumu la mbele hadi kati ya gurudumu la nyuma, kulia kisha kushoto. Katika magari mengi vipimo viwili hivyo hutakiwa kulingana, au kukaribiana sana. Kisha apime mshazari chini ya gari, kutoka tundu la mbele la kulia hadi la nyuma la kushoto, na kinyume chake. Mishazari ikitofautiana, fremu imepinda au imefungwa upande. Aziangalie na bolti. Bolti ya kazi nzito huandikwa kichwani 8.8 au 10.9, na nambari hizo huonyesha nguvu yake. Isiyoandikwa chochote isishike gurudumu la gari linalobeba watu.

UWANJA WA FUNDI

Wako watakaouliza: ikiwa kupima ni jambo la meza, futi na siku moja ya kazi, mbona mafundi wengi hawapimi? Jawabu la haraka ni uvivu, na ndilo jawabu la watu wasiowahi kufanya kazi juani. Jawabu la kweli limo ardhini.

Meza ya kalibu yataka sakafu iliyosawazika na isiyohama. Yataka saruji. Na hakuna mtu mwenye akili atakayemwaga saruji juu ya uwanja ambao kesho huenda akafukuzwa. Kibera yenyewe ni shahidi. Askari wa Kinubi, Waislamu wenzetu waliotumikia jeshi la Mwingereza, waliwekwa mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20, pakiwa msitu, na kwao neno kibra maana yake ni hilo hilo la msitu. Vizazi na vizazi vikazaliwa hapo bila ya hati. Ni mwaka 2017 ndipo jamii hiyo ilipopewa hati ya ekari 288. Mwaka uliofuata, Julai 2018, tingatinga zikabomoa nyumba, maduka na shule katika Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Barabara ni kitu chema. Lakini fundi aliyeyaona hayo hujifunza kuwa na vifaa vinavyobebeka begani tu, na kalibu si kitu cha kubebwa begani.

Serikali zimelijua jambo hili siku nyingi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa ripoti mashuhuri juu ya Kenya, iliyowaambia wakubwa kwamba watu hawa wafanyao kazi bila ya leseni wala majengo si wavivu wala si wahalifu, bali ni sehemu ya uchumi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baadaye vibanda vikajengwa ili wapate kivuli. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya biashara ndogo ndogo. Yote hayo ni mema. Hata hivyo kivuli humlinda fundi kichwani, na kazi yake yataka kulindwa miguuni. Mpe mchomeleaji wa Kawangware sakafu ya saruji ya futi ishirini kwa ishirini na hati ya kukaa hapo miaka kumi, halafu ndipo umuulize kwa nini hapimi.

ALAMA YA FUNDI

Lipo jambo jingine ambalo halihitaji serikali wala saruji. Injini ina nambari. Ukiibadilisha, sheria yakutaka uarifu mamlaka ya usalama barabarani, gari likakaguliwe na kitabu chake kirekebishwe, na mwenye gari asiyefanya hivyo asishangae siku bima itakapomgeuka. Lakini krosmemba haina nambari. Aliyeichomelea hajulikani. Likitokea la kutokea njiani, injini itaeleza ilikotoka, ilhali chuma kilichoshika magurudumu kitanyamaza kimya.

Fundi wa jahazi hakuweza kujificha hivyo. Kila mtu kisiwani alijua nani aliyeulaza mkuku wa chombo fulani, na chombo kikifanya vizuri sifa zilimfuata, kikivunjika lawama zilimfuata vile vile. Jina lake lilikuwa ndilo dhamana. Naona mafundi wa Kibera na Kawangware wangejitendea haki kubwa kama kila mmoja angekuwa na muhuri wake wa chuma, akapiga alama yake na mwaka kwenye kila krosmemba aundayo, na akaandika vipimo katika daftari. Wengi wao wamefanya mitihani ya serikali ya ufundi wakapata vyeti vya daraja. Cheti chaning'inia ukutani. Alama huenda na gari.

Najua fundi atasema: nikiweka alama, nitalaumiwa hata kwa kosa la dereva aliyepiga shimo usiku. Ni kweli, hilo litatokea. Lakini bila alama hulaumiwa kwa makosa ya fundi mwenziwe, maana mteja akishaumizwa mara moja husema mafundi wote wa vichochoroni ni wamoja. Anayepima ndiye anayeibiwa heshima na anayekisia. Daftari la vipimo litamtetea mbele ya polisi na mbele ya mwenye bima kuliko maneno mengi.

Na muuzaji wa vipuri naye hatoki bure. Tuliosomeshwa fiqhi chuoni twakumbuka kwamba muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake hana ruhusa ya kuificha, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kuirudisha. Fremu iliyogongwa ikanyooshwa kwa nyundo na kupakwa rangi ni aibu iliyofichwa. Awe muuzaji yuko Sharjah, awe Mombasa, awe Kirinyaga Road, hukumu ni moja.

Basi mwenye gari anayekusudia kubadilisha injini nampa shauri hili. Akiwa na uwezo wa nozikati ya gari lililo ndugu wa lake, na aichague hiyo, baada ya kuipima. Akikosa, amtafute fundi mwenye kalibu, amlipe kalibu lake pamoja na mchomeleo wake, asimkaze bei mpaka fundi alazimike kukisia. Krosmemba ya ng'ambo aiagize kama anajua imetengenezewa barabara za namna gani na kama aliyeiunda anajulikana jina. Fremu ya zamani iliyokatwa na kubandikwa viraka aiache iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na fedha zikipungua, apunguze kwenye injini, achukue ndogo zaidi. Injini dhaifu itamchelewesha. Taruma bovu halitamfikisha.

Baadhi yetu pwani tumezoea kusema kwamba kitu cha Japani ni cha Japani, na cha Kawangware ni cha Kawangware, tukadhani tumemaliza maneno. Hatujamaliza. Kitu kilichopimwa kina mwenyewe, popote kilipotengenezwa, na kilichokisiwa ni yatima. Siku abiria wa matatu watakapozoea kuuliza gari hili lilichomelewa na nani, kama babu zao walivyouliza chombo hiki kiliundwa na nani kabla hawajatia mguu ndani, mafundi wenyewe watatafuta futi bila ya kulazimishwa na mtu.